Mitambo Isiyolala Kariakoo: Namna Swichi za Mtandao Zinavyotunzwa ili Kazi Isisimame

Katika eneo la Kariakoo, jijini Dar es Salaam, biashara huanza kabla jua halijapanda. Malori hushusha marobota katika Mtaa wa Msimbazi, wachukuzi husukuma mikokoteni katika Mtaa wa Kongo, na wanunuzi kutoka mikoani, kutoka Zambia, Malawi, Komoro na mashariki ya Kongo huingia madukani kutafuta vitambaa, viatu, vyombo na vipuri. Zamani fedha zilihesabiwa noti kwa noti juu ya meza. Siku hizi sehemu kubwa ya malipo hayo hupita bila kuonekana kwa macho. Mnunuzi hubonyeza tarakimu katika simu yake, na baada ya sekunde chache mwenye duka hupata ujumbe kwamba fedha zimeingia. Risiti ya kodi nayo hutoka katika mashine ya kielektroniki ambayo hupeleka hesabu zake kwa Mamlaka ya Mapato.

Kati ya kidole cha mnunuzi na ujumbe anaoupata muuzaji pana mitambo mingi. Mmoja miongoni mwake haujulikani sana kwa watu, ingawa ujumbe hauwezi kufika pasipo huo. Mtambo huo ni swichi ya mtandao. Hukaa kimya ndani ya kabati, aghalabu katika chumba kidogo cha ghorofani, ukivuma kwa sauti ya feni zake. Unapofanya kazi hakuna anayeukumbuka. Unaposimama, mwenye duka hubaki na mzigo uliokwisha kufungwa, mnunuzi hubaki na fedha zisizofika, na basi la kwenda Tunduma halimngoji mtu.

Je, mtambo kama huo unawezaje kufanya kazi usiku na mchana, mwaka hata mwaka, katika mji wenye joto, vumbi, hewa ya chumvi na umeme unaokatika? Jibu la haraka ni kununua mtambo mzuri usioharibika. Jibu hilo si sahihi, kwa sababu mtambo wa namna hiyo haujapata kutengenezwa. Jibu la wahandisi ni jingine: kila kitu kitaharibika siku moja, kazi ya fundi ni kupanga mambo ili kuharibika kwa kitu kimoja kusisimamishe kazi yote.

SWICHI NI KITU GANI?

Neno swichi limezoeleka kwa kile kibonyezo cha ukutani kinachowasha taa. Swichi ya mtandao ni kitu tofauti. Ni sanduku bapa la chuma lenye matundu, aghalabu 24 au 48, na kila tundu huingizwa waya unaotoka kwenye kompyuta, mashine ya malipo, mnara wa simu au swichi nyingine.

Habari zinazopita katika mtandao hukatwa vipande vidogo, na kila kipande hubeba anwani mbili: ya mpelekaji na ya mpelekewa. Swichi husoma anwani hizo na kukitoa kipande katika tundu linalostahili, kama karani wa posta anavyotia barua katika visanduku. Ajabu yake ni kwamba haifundishwi mapema nani anakaa wapi. Hujifunza yenyewe. Kipande kinapoingia kwa tundu la 5, swichi huandika katika kumbukumbu yake kwamba mpelekaji huyo yuko upande wa tundu la 5. Ikiwa haimjui mpelekewa, hutoa nakala katika matundu yote mengine, ikitumaini kwamba mwenyewe ataipata. Jambo hili dogo lina matokeo makubwa, kama itakavyoonekana baadaye.

Swichi ya mtandao ni mjukuu wa mtambo wa simu. Katika siku za mwanzo za simu, opereta aliketi mbele ya ubao wenye matundu na kuwaunganisha watu kwa mkono wake. Mwaka 1891 Almon Strowger wa Marekani, ambaye kazi yake ilikuwa kuzika maiti, alipata hataza ya mtambo uliounganisha simu wenyewe bila opereta. Mitambo ya ukoo huo ilienea duniani kote, na Afrika Mashariki pia. Mwaka 1965, katika mji wa Succasunna, Marekani, ulianza kazi mtambo mkubwa wa simu ulioongozwa na kompyuta, ulioitwa No. 1 ESS. Wahandisi wake walijiwekea lengo ambalo wanafunzi wa fani hii hulikumbuka hadi leo: mtambo usisimame kwa zaidi ya saa 2 katika muda wa miaka 40, yaani wastani wa dakika 3 kwa mwaka.

UIMARA NA UPATIKANAJI

Maneno mawili hayana budi kutofautishwa. Uimara ni muda ambao mtambo hufanya kazi kabla ya kuharibika. Upatikanaji ni sehemu ya muda wote ambayo huduma huwapo. Mtambo waweza kuwa imara sana na upatikanaji wake ukawa duni, ikiwa kila unapoharibika hukaa miezi bila kutengenezwa.

Uhusiano wake huandikwa hivi. Ikiwa U ni wastani wa muda wa kufanya kazi kabla ya kuharibika, na M ni wastani wa muda wa matengenezo, basi:

Upatikanaji = U ÷ (U + M)

Mwaka mmoja una saa 8,760. Kwa hiyo huduma inayopatikana kwa asilimia 99 hukosekana saa 87.6 kwa mwaka, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Ya asilimia 99.9 hukosekana saa 8 na dakika 46. Ya asilimia 99.99 hukosekana dakika 53 hivi. Ya asilimia 99.999, ambayo wahandisi huiita "tisa tano", hukosekana dakika 5 na kidogo tu. Kila tisa inayoongezwa huufanya muda wa kukosekana upungue mara kumi.

Na ichukuliwe swichi ambayo kwa wastani huharibika mara moja katika saa 50,000. Ikiwa swichi nyingine ya aina hiyo imewekwa stoo hapo hapo Dar es Salaam, na fundi aijuaye anaweza kuifunga kwa muda wa saa 4, upatikanaji ni 50,000 ÷ 50,004, yaani asilimia 99.99. Lakini ikiwa hakuna akiba, na kipuri lazima kiagizwe ng'ambo na kufika baada ya wiki 6, ambazo ni saa 1,008, upatikanaji hushuka hadi asilimia 98. Mtambo ni ule ule, kiwanda ni kile kile. Kilichobadilika ni stoo na fundi. Hapa pana somo kwa nchi isiyotengeneza mitambo hii yenyewe. U huamuliwa zaidi kiwandani, mbali. M huamuliwa nyumbani.

Aidha, yafaa kujihadhari na tarakimu za watengenezaji. Kiwanda kikisema kwamba wastani wa muda kabla ya kuharibika ni saa 200,000, ambazo ni karibu miaka 23, hakimaanishi kwamba kila swichi itaishi miaka 23. Maana yake ni kwamba mtu mwenye swichi 100 za namna hiyo atarajie moja iharibike kila baada ya saa 2,000 hivi, yaani kila siku 83. Kampuni yenye mitambo mingi hutengeneza kitu karibu kila wiki, hata kama imenunua mitambo bora kabisa.

MAADUI WA MTAMBO KATIKA MJI WA PWANI

Mchoro wa kuharibika kwa mitambo hufanana na beseni lililokatwa ubavuni. Mwanzoni vifo ni vingi, kwa sababu ya kasoro za kiwandani. Katikati huwa vichache. Mwishoni huongezeka tena kwa sababu ya uzee. Ndiyo maana mafundi waangalifu huuwasha mtambo mpya kwa siku kadhaa kabla ya kuutia kazini, ili wenye kasoro ujidhihirishe mapema.

Katika Dar es Salaam uzee huja haraka, na adui wa kwanza ni joto. Mwaka 1889 mwanakemia wa Sweden, Svante Arrhenius, alionyesha kwa hesabu jinsi kasi ya mabadiliko ya kikemia inavyoongezeka kadiri joto linavyopanda. Kanuni hiyo inayoyafanya maziwa kugeuka upesi mchana wa Februari ndiyo inayoikausha kapasita ndani ya swichi. Mafundi hutumia kipimo cha kukadiria: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka, umri wa kapasita hupungua karibu kwa nusu. Betri za risasi na asidi zina tabia hiyo hiyo. Betri iliyokusudiwa kuishi miaka mitano katika nyuzi 25 haitafika miaka mitatu katika chumba chenye nyuzi 35. Chumba cha namna hiyo si kigumu kukipata chini ya bati la Kariakoo.

Adui wa pili ni vumbi. Feni huvuta hewa ili kupoza mtambo, na pamoja na hewa huvuta vumbi la barabarani na nyuzi laini za vitambaa vinavyopakuliwa katika maduka ya chini. Vumbi hilo hujenga blanketi juu ya vipande vya ndani na kuziba chujio, joto likazidi, feni ikazunguka kwa kasi zaidi, ikavuta vumbi zaidi. Wa tatu ni hewa ya baharini, yenye unyevu na chumvi, ambayo hula shaba katika maungio. Wa nne ni viumbe: panya hutafuna waya, na mijusi na siafu huingia palipo na vuguvugu.

Wa tano ni umeme wenyewe. Watu hufikiri hatari iko pale umeme unapokatika. Mara nyingi hatari kubwa zaidi huja unaporudi, kwa sababu majokofu na viyoyozi vya mtaa mzima huanza kwa pamoja, na nguvu ya umeme hupanda na kushuka kwa ghafula.

Dhidi ya maadui hao dawa ni za kawaida, wala hazihitaji maajabu: kiyoyozi au angalau njia nzuri ya hewa, kabati lenye mlango, chujio linalosafishwa kwa ratiba, kifaa cha kusawazisha umeme, na waya wa ardhini uliopimwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Brashi ya kusafishia chujio ni bei ndogo kuliko swichi.

AKIBA: MITAMBO MIWILI KWA KAZI MOJA

Usafi na ubaridi huongeza umri, lakini hauondoi kifo. Ndipo huja kanuni ya pili, ambayo ni akiba.

Malipo moja ya Kariakoo hupita katika mnyororo. Na uchukuliwe mnyororo wenye vitu vitano vinavyofuatana, na kila kimoja hupatikana kwa asilimia 99.9. Ili malipo yapite lazima vyote vitano viwe vizima, kwa hiyo tarakimu huzidishwa: 0.999 mara tano ni 0.995. Huduma hukosekana karibu saa 44 kwa mwaka. Mnyororo ni dhaifu kuliko kila pete yake.

Vitu vinapowekwa sambamba, hesabu hugeuka. Swichi moja yenye upatikanaji wa asilimia 99 hukosekana kwa sehemu 0.01 ya muda wote. Zikiwa mbili, na kila moja yaweza kufanya kazi yote peke yake, huduma hukosekana pale tu zinapokufa zote mbili kwa wakati mmoja: 0.01 × 0.01 ni 0.0001. Kutoka zaidi ya siku tatu na nusu kwa mwaka, ukosefu hushuka hadi dakika 53. Mitambo miwili ya kawaida imeushinda mtambo mmoja bora sana.

Kwa sababu hiyo swichi kubwa huundwa kwa jozi. Huwa na pawasaplai mbili, feni kadhaa, na kadi mbili za uongozi. Vipande hivyo vyaweza kuchomolewa na kubadilishwa mtambo ukiwa kazini, bila kuuzima. Mtambo wa No. 1 ESS ulikuwa na bongo mbili zilizofanya hesabu ile ile kwa pamoja na kulinganisha majibu. Zilipotofautiana, mtambo ulijipima, ukamtoa mgonjwa kazini, na mwenzake akaendelea.

Mfano mzuri kuliko yote ni umeme wa mitambo ya simu. Tangu zamani mitambo hiyo ilitumia umeme wa volti 48 uliotoka katika safu ya betri 24 za volti 2 kila moja. Betri hizo hazikungoja umeme wa mji ukatike ndipo zianze kazi. Zilikuwa zimeungwa daima, na umeme wa mji ulizijaza bila kukoma. Mji ulipoingia gizani hakuna kilichobadilishwa wala kuwashwa. Betri ziliendelea kama zilivyokuwa. Ndiyo sababu simu za mezani zililia hata usiku usio na taa. Akiba iliyo bora ni ile ambayo tayari iko kazini.

NJIA MBILI NA TATIZO LA MZUNGUKO

Kama mitambo huwekwa miwili, waya nao huwekwa mbili. Lakini hapa kulizuka tatizo ambalo halikutazamiwa. Swichi isiyomjua mpelekewa hutoa nakala kila upande. Na zichukuliwe swichi tatu, za Mtaa wa Swahili, Mtaa wa Livingstone na Mtaa wa Uhuru, zilizounganishwa kwa duara. Ya kwanza hutoa nakala kwa mbili nyingine. Hizo nazo hupelekeana. Nakala hurudi kwa ya kwanza, nayo huzitoa tena. Hakuna kinachozizuia. Katika muda mfupi mtandao mzima hujaa nakala zinazozunguka, na habari za kweli hazipati nafasi. Waya wa akiba, uliowekwa ili kuokoa mtandao, umeuua.

Mwaka 1985 Radia Perlman, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment nchini Marekani, alipata ufumbuzi. Kila swichi hupewa namba. Swichi zote huzungumza, na yenye namba ndogo kuliko zote huwa shina. Kila moja hutafuta njia fupi ya kufika kwenye shina, na njia zinazobaki hulazwa usingizi. Mtandao uliokuwa na duara huwa kama mti, na katika mti hakuna njia ya kuzunguka. Waya zilizolala hazikuondolewa, husikiliza tu. Shina hutoa salamu kila baada ya sekunde 2. Salamu zikikoma, swichi hutambua kwamba njia imekatika, hufanya hesabu upya, na kuamsha waya iliyolala. Katika utaratibu wa awali jambo hilo lilichukua sekunde 30 hadi 50. Utaratibu wa mwaka 2001 uliupunguza muda huo hadi sekunde chache au chini ya hapo.

Duara lenyewe likisimamiwa vizuri ni jambo jema. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umepangwa kwa mizunguko. Mkongo ukikatwa na greda upande mmoja, habari hugeuka na kupita upande wa pili.

AKIBA YA UONGO

Hesabu ya 0.01 × 0.01 ina sharti ambalo husahauliwa kwa urahisi: mitambo hiyo miwili isiwe na sababu moja ya kufa. Swichi mbili zilizochomekwa katika soketi moja hazina faida kubwa. Ikiwa umeme wa soketi hiyo hupatikana kwa asilimia 99, basi jozi nzima hupatikana kwa 0.9999 × 0.99, na jibu hurudi kwenye asilimia 99 kasoro. Gharama imelipwa mara mbili, faida imepotea.

Watu wa Zanzibar wanalijua somo hili vizuri. Kisiwa cha Unguja kilipata umeme wake kutoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa karibu mwezi mzima, kuanzia Mei hadi Juni. Mwezi Desemba 2009 ulikatika tena, na haukurudi hadi Machi 2010. Kwa miezi mitatu hoteli, visima na hospitali viliendeshwa kwa jenereta au havikuendeshwa kabisa. Waya wa pili, wenye uwezo mkubwa zaidi, ulianza kazi mwaka 2013.

Je, waya mbili zatosha? Si lazima. Mkongo wa bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Mmoja ulikuwa akiba ya mwingine. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo yote miwili iliharibika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Intaneti ilizorota au kukatika nchini, mpaka makampuni yalipohamishia mawasiliano katika njia nyingine. Mikongo ilikuwa miwili kwa jina, lakini mahali hapo ilipita katika bahari moja.

Kariakoo yenyewe imetoa mfano wake. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Soko Kuu, lile jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970. Moto hauulizi kipi ni mtambo na kipi ni akiba yake. Ikiwa vyote vimewekwa katika chumba kimoja, vyote huwa majivu. Kwa hiyo akiba ya kweli huwa katika jengo jingine, hulishwa na njia nyingine ya umeme, na waya zake hupita mtaa mwingine.

Na hata hapo bado. Tarehe 15 Januari 1990 mtambo mmoja wa simu wa kampuni ya AT&T huko New York ulipata hitilafu ndogo, ukajipumzisha kwa sekunde chache, ukarudi kazini na kuwaarifu majirani. Katika programu ya majirani hao mlikuwa na kosa dogo: taarifa ya pili ikifika upesi baada ya ya kwanza, mtambo ulijizima. Ukijizima na kurudi, nao uliwaarifu majirani zake. Mitambo 114 ilikuwa na programu ile ile na kosa lile lile, na ugonjwa ukaenea Marekani nzima. Kwa muda wa saa 9 hivi karibu nusu ya simu za masafa marefu za kampuni hiyo hazikupita. Hakuna chuma kilichovunjika. Mitambo ilikuwa mingi, lakini akili yake ilikuwa moja. Tangu hapo programu mpya hujaribiwa katika mitambo michache kwanza, na mingine huachwa na ile ya zamani mpaka mpya ithibitike.

AKIBA HUFICHA UGONJWA

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika ufundi huu, akiba isiyoangaliwa huoza, tena huoza kimya kimya.

Na ichukuliwe swichi yenye pawasaplai mbili katika chumba cha ghorofa ya tatu. Siku moja pawasaplai ya kwanza inakufa. Taa ndogo ya kijani inageuka nyekundu. Hakuna kinachosimama, malipo yanapita, risiti zinatoka, mwenye jengo hana habari. Miezi mitatu baadaye ya pili inakufa, na watu wote wanasema mtambo umeharibika ghafula. La hasha. Ulianza kuharibika miezi mitatu iliyopita, ila akiba ilificha. Mtambo wenye pawasaplai moja ungelia siku ile ile.

Hii ndiyo sababu kila akiba huhitaji kitu cha tatu, nacho ni jicho. Swichi za leo zaweza kupeleka habari za afya yake kwa kompyuta ya uangalizi: joto la ndani, kasi ya feni, hali ya pawasaplai, idadi ya vipande vya habari vilivyoharibika njiani. Lakini jicho la kompyuta halitoshi bila mtu wa kuamka na kwenda. Tena lazima akiba ijaribiwe kwa makusudi. Jenereta isiyowashwa kwa mwezi mzima huenda isiwake siku ya haja. Betri inayoonyesha volti kamili bila mzigo yaweza kuanguka dakika mbili baada ya kutwishwa kazi. Fundi mzuri huchagua usiku wa Jumapili, maduka yakiwa yamefungwa, huwaarifu wahusika, kisha huzima mtambo wa kwanza kwa mkono wake ili aone kama wa pili utashika kazi. Usiposhika, tatizo litatengenezwa usiku huo kwa utulivu. Hiyo ni bora kuliko kulifahamu saa 5 asubuhi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yakiwa yamejaa.

Makosa mengi hutokana na mikono ya watu wala si chuma. Mtu huchomoa waya asiyo yake, hubadilisha mpango bila kuandika, au hufunga kabati na kuondoka na ufunguo. Kwa hiyo silaha nyingine ya uthabiti ni karatasi: kila waya iwe na lebo, kila badiliko liandikwe katika daftari, na nakala ya mpango wa swichi ihifadhiwe nje ya swichi yenyewe. Fundi anayekuja usiku wa manane asilazimike kukisia.

KAZI KWA MIKONO YA VIJANA

Hatua chache kutoka Kariakoo, Barabara ya Morogoro inapokutana na Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ipo Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma hesabu za uwezekano na umeme wa sambamba na mfululizo amekwisha kupata msingi wa kazi hii. Walimu waweza kuuthibitisha kwa jaribio dogo.

Vinavyohitajika ni betri mbili za tochi zinazolingana, balbu moja, waya na ubao wa kuzibia. Betri mbili ziungwe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kila moja kwa waya wake, na balbu iwashwe. Darasa litazame balbu tu. Nyuma ya ubao, mwanafunzi mmoja achomoe waya wa betri moja bila kusema kitu. Balbu itaendelea kuwaka, na kwa macho itakuwa vigumu kuona tofauti. Baada ya dakika chache achomoe waya wa pili. Balbu itazimika, na darasa liulizwe: hitilafu ilianza lini?

Kisha wanafunzi watakiwe kubuni namna ya kuitambua hitilafu ya kwanza kabla ya ya pili. Wengine wataweka balbu ndogo katika waya wa kila betri. Wengine watasema mtu akapime kila asubuhi. Majibu yote mawili ni sahihi, na yote mawili yanatumika Kariakoo. Waliofika hapo waweza kupewa hesabu hii: ikiwa kila betri hupatikana kwa asilimia 95, jozi itapatikana kwa asilimia ngapi? Na ikiwa waya wa betri zote mbili hupita katika kiungo kimoja kinachopatikana kwa asilimia 95, je, kuna kilichopatikana?